Nakumatt Ilijengwa kwa Pesa ya Nani?

Kila mtu wa rika langu aliyekulia mjini ana hadithi yake ya Nakumatt, na karibu zote ni hadithi za mapenzi. Kuna wa kusimulia alivyosukumwa ndani ya toroli akiwa mtoto. Kuna aliyekuwa akipelekwa Jumapili baada ya kanisa, si kununua, ni kutembea tu, kuangalia televisheni kubwa na kurudi nyumbani na mkate mmoja. Juzi mtu alituma picha ya zamani ya yule ndovu wa Nakumatt kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa letu, na ile kazi ya kikundi tuliyopaswa kujadili ikasahaulika jioni nzima.

Nilizisoma jumbe zote. Watu walitaja aiskrimu, eskaleta, kadi ya pointi ya mama. Hakuna aliyeuliza duka lile lote lilijengwa kwa pesa ya nani. Nataka tuliulize hapa, kwa sababu uongozi wetu wa wanafunzi umeanza kuongea juu ya kukaribisha tawi la supamaketi kubwa ndani ya kampasi, na makomredi wanashangilia kabla hata ya kujua masharti.

Tuanze na jina, maana wengi hawajui. Nakumatt ni Nakuru Mattresses. Familia ya Shah ilikuwa ikiuza magodoro Nakuru, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 godoro likawa limezaa duka la kila kitu. Ajabu ni kwamba Tuskys nayo ilikuwa Tusker Mattresses, magodoro vilevile, na chimbuko lake ni upande huohuo wa Nakuru. Naivas pia mizizi yake iko huko. Kuna kitu kwenye maji ya Nakuru.

Lakini Nakumatt ndiyo iliyotufundisha kwamba duka linaweza kuwa mahali pa kwenda. Chini unga na sukari, juu viatu, vyombo, friji, baiskeli, samani, vitabu. Baadhi ya matawi hayakufunga usiku wala mchana. Ikavuka mpaka: Kigali mwaka 2008, kisha Kampala, kisha Moshi, na mwaka 2014 ikanunua maduka 3 ya Shoprite nchini Tanzania wakati kampuni hiyo ya Afrika Kusini ilipokuwa inaondoka. Ilipofika kilele ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, na maelfu ya wafanyakazi. Kampuni ya kifamilia, ya hapa nyumbani. Ukiwa Mkenya ulikuwa na haki ya kujivunia kidogo, na mimi sitaki kumnyima mtu fahari hiyo.

Mwaka 2017 rafu zikaanza kuwa tupu. Si tupu kabisa mara moja. Unaingia unakuta rafu nzima imepangwa bidhaa aina moja, ili macho yasione pengo. Maziwa hakuna. Mkate hakuna. Wenye majengo wakaanza kudai kodi. Jengo la Thika Road Mall likaitoa Nakumatt mwaka huohuo, na Carrefour ikaingia palepale. Kulikuwa na mpango wa kuungana na Tuskys, ukafa. Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, na matawi 6 yaliyokuwa yamebaki yakaenda kwa Naivas kwa shilingi milioni 422.

Weka hiyo milioni 422 kando ya deni. Nakumatt ilikuwa inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Yaani kila shilingi iliyokuwa ikidaiwa, bei ya mabaki yale haikufika hata senti mbili.

Ukiuliza nini kiliiua, utapewa majibu matatu au manne ya haraka. Moto wa tawi la Downtown Januari 2009, ulioua watu zaidi ya 20. Shambulio la Westgate Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa na tawi lao kubwa likaharibiwa. Ujio wa Carrefour, iliyofungua duka la kwanza Karen mwaka 2016. Wengine watakuambia ni watu kuiba stoo. Majonzi ya 2009 na 2013 ni ya kweli, sitayagusa kwa mzaha. Ila tukiongea biashara, Nakumatt iliendelea kufungua matawi baada ya moto, ikaendelea kufungua baada ya Westgate, na mwaka 2015 ikarudi Westgate penyewe. Duka linaloanguka kwa sababu ya hasara ya tawi moja halipanuki namna hiyo. Na Carrefour iliikuta Nakumatt tayari inapumua kwa shida.

Mimi nasema ilikufa kwa kitu kilekile kilichoikuza. Hebu tufanye hesabu ndogo, ya kubuni lakini si ya uongo.

Tuseme mama mmoja mwenye tanuri analeta mikate 100 kila asubuhi, kwa bei ya shilingi 50 kila mmoja. Kufikia jioni imeisha, na wanunuzi wote wamelipa papo hapo. Duka lina shilingi 5,000 za mama, pamoja na faida yake lenyewe juu, siku hiyohiyo. Mama atalipwa lini? Katika biashara hii si ajabu kuambiwa baada ya siku 60, au 90. Kesho analeta mingine 100. Keshokutwa pia. Siku ya 60 ikifika, duka limeshika shilingi 300,000 za mwanamke mmoja, bila riba, bila dhamana, bila kujaza fomu. Wewe ukitaka mkopo wa HELB wa kiasi hicho utaandika mpaka jina la chifu.

Sasa zidisha mama huyo kwa watu wa maziwa, mayai, nyanya, sabuni, madaftari, viatu, mablanketi, katika matawi 60. Hizo si pesa kidogo ati. Hiyo ni benki. Na benki hiyo haina meneja wa mikopo wa kukuuliza unaenda kufanya nini na pesa.

Kwa hiyo unafungua tawi jipya. Tawi jipya linajazwa bidhaa za mkopo, linauza kwa pesa taslimu kuanzia siku ya kwanza, na pesa hiyo inalipa madeni ya matawi ya zamani. Ukisimama kupanuka, deni linakukuta. Ni kama mtu anayelipa Fuliza kwa kukopa M-Shwari, anaonekana hana deni popote mpaka siku moja zote mbili zinamkatalia. Nakumatt iliongeza juu yake mikopo ya benki na hati za mkopo wa muda mfupi. Pesa ya kurudishwa baada ya miezi ikatumika kujenga vitu vya kulipa baada ya miaka. Wasambazaji walipochoka na kuacha kuleta mali, rafu zikawa tupu. Rafu zikiwa tupu wateja hawaji. Wateja wasipokuja hakuna taslimu ya kuwalipa wasambazaji. Hapo hakuna ujanja wa meneja unaosaidia.

Nina shangazi aliyewahi kupeleka mayai kwa supamaketi fulani, jina halina maana hapa. Miezi ya kwanza alilipwa vizuri, akaongeza kuku, akakopa kwa chama. Halafu malipo yakaanza kuchelewa: rudi Alhamisi, anayetia saini yuko likizo, mfumo uko chini. Wakati huo kuku hawaambiwi mfumo uko chini. Chakula chao kinanunuliwa kwa pesa taslimu, na duka la vyakula vya mifugo halina siku 90. Mwishowe aliuza kuku wa mayai kwa bei ya nyama. Mtu akimuuliza kwa nini hakwenda kortini anacheka. Kortini ni nauli, ni wakili, na ni kumkosana mteja ambaye bado unatumaini atakulipa.

Hiyo ndiyo nguvu yenyewe ya duka kubwa juu ya mtu mdogo. Deni lako linakuwa pingu yako wewe unayedai. Ukiacha kuleta, umejitoa kwenye foleni ya kulipwa. Ukiendelea kuleta, deni linakua.

Mimi nasomea ualimu, na somo langu moja ni Biashara. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Kwanza walikuwa wamefika mada ya biashara ya ndani, na kulikuwa na sehemu ya wauzaji wakubwa wa rejareja: supamaketi, maduka yenye matawi mengi, maduka makubwa yenye vitengo. Faida zake tunaziimba kama tenzi. Hununua kwa wingi hivyo hupata punguzo. Huuza kwa pesa taslimu hivyo hazina wadeni sugu. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mwenye kioski, akauliza: "Mwalimu, na zenyewe hulipa wapi?" Alimaanisha hulipa lini, na kwa nani, lakini hata hivyo alivyouliza lilikuwa swali zuri. Kwenye maelezo niliyokuwa nafundishia halikuwa na jibu. Yalinipa upande mmoja wa kaunta tu, upande wa mteja.

Ni kitu cha kuchekesha ukikitazama vizuri. Kioski cha baba yake kina daftari la madeni na kale kabango tunakokajua sote, mkopo leo hakuna, njoo kesho. Kioski kinakopesha wateja wake maskini, tunakiita biashara isiyo na mpangilio. Supamaketi inakopa kwa wasambazaji wake maskini, tunaiita biashara ya kisasa na kuifundisha kama mfano.

Na likianguka duka kama hilo, ndiyo unaona vizuri nani alikuwa nani. Sheria ya ufilisi ya 2015 ina foleni yake. Benki yenye dhamana inachukua dhamana yake. Gharama za msimamizi zinalipwa. Wafanyakazi wana sehemu yao ya mishahara, yenye kikomo, na ushuru upo hapo karibu. Mama wa mikate anasimama nyuma kabisa, pamoja na wote waliotoa mali bila kushika chochote mkononi. Yeye ndiye aliyetoa mkopo wa bei rahisi kuliko wote, na ndiye anayelipwa mwisho. Kwa kawaida hakuna kinachobaki foleni ikimfikia.

Kuna watakaosema hili ni la Nakumatt peke yake, familia moja ilikosea hesabu. Basi tutazame wengine. Uchumi ilianzishwa na serikali mwaka 1975, ikauzwa hisa zake kwenye soko la Nairobi mwaka 1992, haikuwa ya familia hata kidogo. Juni 2006 ilifunga milango kwa kulemewa na madeni. Ikafufuliwa mwezi uliofuata, ikapona, ikaanza kupanuka tena, na Oktoba 2015 ikafunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania kwa mkupuo, wasambazaji wa huko wakabaki na ankara mkononi. Tuskys, iliyotaka kuiokoa Nakumatt mwaka 2017, ilifikia 2020 ikiwa yenyewe inakimbizana na wasambazaji na wenye majengo, na mwaka uliofuata ilikuwa imekwisha kwa vitendo. Ya serikali, ya familia ya Kihindi, ya familia ya Kikikuyu. Tatu kwa moja, na mchezo ni uleule. Mimi hapo siwezi kukubali kuambiwa ni bahati mbaya.

Na mpinzani wangu mwenye akili zaidi ataniambia: lakini mkopo wa wasambazaji ni jambo la kawaida dunia nzima, na ndio unaofanya bei iwe nafuu kwako wewe mwanafunzi unayehesabu sarafu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Kiwanda kikubwa cha sabuni kikikopesha supamaketi siku 30, wanaelewana, wote wana wahasibu na mawakili. Sina neno. Tatizo ni pale siku 30 zinapogeuka 120 bila mtu kuulizwa, na anayengoja ni mtu wa kuku 200. Hiyo ya pili, ya bei nafuu, ndiyo inayoniudhi kidogo, kwa sababu inanifanya mimi mnunuzi niwe mshiriki. Kama punguzo la shilingi 5 kwenye mkate wangu limetoka kwenye siku 90 za mama yule, basi yeye ndiye aliyenipa punguzo, si duka. Nembo ya duka ndiyo ilikuwa kwenye risiti.

Kitu kimoja kimebadilika, na ni haki kukisema. Mwisho wa 2019 sheria ya ushindani ya Kenya ilirekebishwa, na sasa kuchelewesha malipo ya msambazaji bila sababu ya maana ni kosa la kutumia vibaya nguvu ya mnunuzi. Mamlaka ya Ushindani iliitumia kwa Tuskys ilipokuwa inazama. Mamlaka hiyo iliigusa Carrefour pia. Kampuni ndogo inayotengeneza yogati, Orchards, ililalamika kwamba Carrefour ilikuwa inaikata punguzo juu ya punguzo, inaidai bidhaa za bure kila tawi jipya likifunguliwa, na kuitaka ipeleke wafanyakazi wake yenyewe wafanye kazi dukani. Orchards ikashinda mwaka 2020, na mwaka 2021 baraza la rufaa likauthibitisha uamuzi. Desemba 2023 mamlaka hiyohiyo ikaitoza Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1 kwa malalamiko ya wasambazaji wengine wawili, mmoja akiwa mfanyabiashara wa asali.

Angalia lile la bidhaa za bure kwa tawi jipya. Hapo si mkopo tena, ni mchango wa harambee, na anayechangishwa ndiye mdogo. Duka linalofungua tawi kwa yogati ya bure litatangaza kesho yake kwamba limepanuka. Tutapiga picha tukikata utepe.

Lakini Orchards walikuwa na moyo wa kulalamika, na karatasi za kuonyesha. Wengi hawana. Sheria inayomngoja mtu alalamike dhidi ya mteja wake mkubwa kuliko wote ni sheria nzuri yenye mlango mwembamba.

Sasa turudi kwenye kampasi. Sipingi supamaketi kuja. Wale wanaoishi hosteli za nyuma wanajua kutembea usiku kwenda kutafuta pedi au karatasi za kuchapa ni hatari, na bei za vibanda vya getini nazo mtu asijifanye kwamba ni sadaka. Taa, usalama, bei iliyoandikwa, choo safi: navitaka vyote. Ila tumeambiwa pia, na hili limetolewa kama habari njema, kwamba supamaketi hiyo "itashirikiana na wazalishaji wa eneo hili". Hao wazalishaji tunawajua kwa majina. Ni mama wa maziwa wa upande wa mtoni, ni yule kijana aliyemaliza hapa kampasi na sasa anaoka mandazi ya jumla, ni kikundi cha wanawake wa sukuma wanaofika na mikokoteni alfajiri. Leo wanauza kwa wanafunzi na kwa vibanda na kulipwa siku hiyohiyo. Wakishaingia kwenye kompyuta ya supamaketi watakuwa namba ya msambazaji, na getini hapatakuwa tena na kibanda cha kurudi kuuzia ikiwa mambo yataharibika, kwa sababu ramani ninayoiona inaviondoa vibanda.

Chama chetu kina sauti katika mkataba huo, au angalau ndivyo viongozi wetu wanavyotuambia wakati wa kura. Basi kiitumie. Mkataba uandike kwamba msambazaji wa eneo hili mwenye ankara ndogo alipwe ndani ya siku 14. Uandike kwamba hakuna bidhaa ya bure ya kufungulia tawi. Uandike kwamba likishindwa kulipa miezi miwili mfululizo, chuo kinaweza kushika sehemu ya dhamana ya pango na kuwalipa watu hao kwanza, kabla hata ya kodi ya chuo. Hilo la mwisho najua wahasibu wa utawala watalikataa kwa nguvu zote. Litajwe hata hivyo, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba lilitajwa na nani alilikataa.

Na kama kuna mtu wa chama anayesoma haya na kuona ni mambo ya mwaka ujao, mkutano wa kujadili mkataba ni mwezi huu. Mama wa maziwa hajaalikwa. Nimemuuliza mwenyewe jana asubuhi, akanijibu kwamba yeye amesikia tu vibanda vinabomolewa, hajui anayejenga ni nani, na kama ningependa nusu lita au lita moja.